Dada wa Bwana Harusi

— Kata maboga yote, Arielle. Usibakishe hata moja.

— Yote, mama? Ni bageni gani bale?

— Cyrille anakuya leo kumaliza maneno ya ndoa, — alisema Mama Mwadi. — Weye kata tu.

Arielle akakata, kwa furaha. Misimu mitatu ya mvua alikuwa akilima sehemu ya Mama Mwadi katika bustani ya pamoja ya mtaa wao, pale Shituru, nyuma ya nyumba za zamani za reli. Cyrille, mtoto wa Mama Mwadi, alimwambia siku anakwenda Kakanda kutafuta kazi: "Mushikie mama jembe, minye nitakushikia maisha." Arielle akaamini. Seremala mmoja alikuja kwao na nia safi, Arielle akamrudisha na posa yake.

Sasa mvua zilikuwa zinaaga. Asubuhi baridi ilianza kuuma, mahindi yamekauka, maboga yamejilalia kila mahali. Simu ikalia, ujumbe wa Cyrille:

"Ma chérie, leo fanya kila kintu mama atasema. Nitakueleza."

Akaibusu simu, maskini ya Mungu.

Alasiri vyungu viliiva palepale bustanini, maana uwanja wa Mama Mwadi ni mdogo na mama mwenyewe anapenda kujionyesha. Akaja na kikwembe kipya, bado kinanuka duka.

— Mama, hiki kikwembe ni ya minye?

— Ni ya Reine.

— Reine njo nani?

— Njo bibi Cyrille ataoa. Baba yake iko na dépôt ya minerai kule Kakanda, ananunuaka mawe ya shaba. Mujomba yake anakuya kuona nyumba mutoto wabo ataingia. Sasa sikia: bakikuuliza, weye ni dada ya Cyrille, mutoto ya yaya yangu, dada yangu mukubwa mwenye alikufa. Batu bote hapa banakuona kila siku, nitasema weye ni nani?

— Mama... miaka tatu nalima hapa.

— Nani alikutuma? Ulikuwa unajitafutia bwana na jembe. Bwana hapatikanake vile.

Arielle alijivuta hadi nyuma ya mahindi, akapiga simu.

— Cyrille, Reine njo nani?

— Arielle, usianze.

— Nakuuliza!

— Nilipata kazi juu ya baba yake. Ngoya kwanza nioe. Weye utabakia deuxième bureau yangu, muke wangu wa pembeni, hautakosa kintu.

— Na leo minye ni dada yako?

— Leo tu. Lia sasa, alafu upanguse uso. Tuko njiani.

Ningekuwa mimi, chungu kizima kingemwagwa chini. Arielle hakumwaga. Alilia, akanawa uso, akarudi kukoroga bukari, ugali wa kwao. Alikuwa bado anampenda, hapo ndipo palipouma. Alitaka Cyrille aseme neno lile, "dada", huku anamtazama usoni.

Walifika. Cyrille viatu vinang'aa, Reine amemshika mkono, mjomba Carlos nyuma yao na koti lake la ibada.

— Reine, huyu ni dada yangu Arielle. Njo anasaidiaka mama mu bustani.

Alisema akitazama maboga.

— Enchantée, belle-sœur, wifi yangu! Cyrille anakusifiaka kabisa. Eti unapika vizuri.

— Karibuni, — alijibu Arielle, akawamiminia maji ya kunawa. Mikono ya Cyrille ilipita chini ya maji haraka haraka.

Mama Mwadi hakutosheka. Akamfunga Reine kile kikwembe kipya kiunoni.

— Angalieni, hii yote nililima na mikono yangu! Reine, kuanzia leo ni yako. Arielle atakufundisha kupanda bitunguu.

Wakala. Wakashiba. Mjomba Carlos akapangusa mdomo.

— Chakula ilikuwa muzuri. Sasa kwetu iko neno moja. Mutoto wetu haingiake mu nyumba kama dada ya bwana hajatujibia kwanza. Arielle, simama.

Kijiko kilimponyoka Mama Mwadi. Alizaa wavulana tu. Nyumbani kwake hakuna msichana aliyewahi kuulizwa hivyo, desturi hiyo ikamtoka kichwani. Dada alimtafuta mwenyewe, akamketisha mwenyewe.

— Tonton, huyu iko na haya, muniulize minye...

— Mama, sikukuuliza weye. Dada, mu nyumba ya yaya yako, huyu kaka yako, iko muke mwingine, ao haiko?

Cyrille alimtikisia kichwa kidogo, macho yanaomba. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kumtazama.

— Tonton, kama minye niko dada ya Cyrille, basi Cyrille analalaka na dada yake, miaka tatu sasa. Hata mwezi ulipita alilala kwangu. Kama siko dada yake, basi muko munadanganywa. Muulizeni yeye, achague.

Reine alicheka kidogo. Akaona hakuna anayecheka naye, akasogea mbali na Cyrille.

— Cyrille! — alifoka mjomba Carlos. — Huyu ni dada yako?

Cyrille alimtazama mama yake. Akisema ndiyo, ni mwiko wa kufukuzwa kwa mawe. Akisema hapana, ni mwongo, yeye na mama yake.

— Jibia!

— Haiko... haiko dada yangu, tonton.

— Na mama yako, mwenye alitukaribisha ku chakula yake, alijua?

— Minye njo nilipika, tonton, — alisema Arielle. — Na kulima, ni minye.

Reine alikifungua kikwembe kipya, akakitupa juu ya maganda ya maboga. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini alisogea hadi kwa Arielle.

— Ulijua mbele nikule. Uliniacha nikule, unanimwangia na maji.

— Nilijua.

Arielle alitafuta huruma moyoni mwake, hakuipata. Hilo lilimtisha kuliko yote ya siku hiyo.

Gari la mjomba Carlos liliondoka na Reine, likamwacha Cyrille. Mama Mwadi akabaki anapiga kelele mtaa mzima usikie:

— Toka mu bustani yangu! Muchawi! Umeua mutoto yangu!

Arielle alichukua jembe lake, kwa sababu lilikuwa lake, akaondoka bila boga hata moja.

Jua linazama, simu ikalia. Cyrille:

"Umeniharibia maisha. Bibi amekwenda, kazi imekwisha. Na minye nilikuwa nakupenda kabisa."

Arielle alilia tena, kilio kibaya kuliko kile cha nyuma ya mahindi. Akaandika ujumbe mrefu: jembe, seremala, miaka yote. Akaufuta. Akaandika mwingine, akautuma, akazima simu.

"Pole, yaya."