Moshi Uliotukimbiza Mwese

Asubuhi ile ya mwaka 1996, hapa kwetu Mwese, nilikuwa uani napukuchua mahindi. Mama mkwe wangu, Bibi Mariana, alikuwa ndani. Bibi haoni. Hutembea kwa kushikwa mkono. Mume wangu alikwenda Ikola kununua dagaa.

Mara ardhi ikatetemeka. Mahindi yakacheza kwenye ungo. Nikatazama mlimani, nikaona moshi. Nikakumbuka redioni walisema kuna mlima umelipuka, umechoma vijiji.

"Volkano! Jamani, mlima unapasuka!" nikapiga yowe.

Nikambeba mwanangu Suzana mgongoni. Nikakamata na kuku wawili. Nikakimbia. Kuku, jamani! Bibi nikamwacha.

Barabarani nikakutana na Mwalimu Makarius, anayefundisha jiografia.

"Mama Suzana, mbio zote hizo wapi?"

"Huoni moshi, Mwalimu?"

"Ule ni wa kina Melkiadi, wanalina asali. Bibi yuko wapi?"

Nikageuka palepale.

Tulirudi mbio. Bibi alikuwa chini mlangoni, anapapasa. Goti linatoka damu.

"Mama Suzana, nimekuita mpaka sauti imekauka."

Sikuweza kumtazama, ingawa yeye haoni.

Majirani wakajaa uani. Mwalimu akamfunga Bibi goti, akatueleza.

"Chini sana kuna joto kali. Mawe mengine yanayeyuka, yanakuwa kama uji mzito. Uji huo ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka, basi unapanda. Ndani yake mna gesi. Ukikaribia juu, gesi inatanuka, kama soda iliyotikiswa ukiifungua. Inalipuka. Uji unamwagika, unapoa, unakuwa jiwe. Ukimwagika mara nyingi, unajenga mlima."

"Na huu wetu?" nikauliza.

"Huu haukujengwa hivyo. Ila ardhi ya huku inavutwa pande mbili, polepole sana. Ikiteleza kwenye nyufa za chini, inatetemeka. Sio kila tetemeko ni volkano. Na linaweza kurudi."

"Likirudi?"

"Nyie wenye nyumba za udongo, mkiwa karibu na mlango tokeni, mkae mbali na kuta. Asiyeweza kutembea, mtoeni."

Bibi akadakia, "Na kuku je, Mwalimu? Watolewe wa kwanza?"

Watu wakacheka. Mimi nililia.

Siku ya nne, mume wangu akiwa bado Ikola, wifi yangu Josephina akaja kutoka Magamba kumchukua mama yake.

"Hapa watamuua," alisema, anafunga nguo kwenye kanga. Sikubisha. Ningebisha kwa mdomo gani?

Kabla hajamaliza, ardhi ikatetemeka tena. Josephina akaruka nje peke yake. Suzana nilikuwa naye mgongoni. Nikamshika Bibi kiunoni, nikamtoa mpaka katikati ya uwanja, nikakaa naye chini. Sikupiga yowe.

Ilipotulia, Josephina akabeba mzigo. "Mama, twende."

"Rudisha nguo zangu ndani," Bibi akasema. "Nakaa hapa."

Neno la kunisamehe hajalisema mpaka leo. Na mimi sijalidai.