Mashine Mbili Dirishani

Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi wa sita, kabla jua halijawa kali, ndipo kila kitu kilipoharibika. Kwenye ukumbi wa mashindano ya sataranji, mshonaji mmoja wa mapazia alisogeza farasi wake mahali ambapo hakuna aliyemtarajia. Hatua hiyo alikuwa ameificha tangu mwanzo wa mwaka. Aliyekaa mbele yake, karani wa benki wanayemwita Miwani, hata kichwa hakukikuna. Alijibu papo hapo, kama mtu anayeitikia salamu. Farasi akanaswa, na nafasi ya kwenda kucheza nje ya nchi ikaondoka na karani.

Mshonaji hakulia. Alikunja mtandio wake wa kijani, akatoka nje, akawaza jambo moja: hatua ile waliijua watu wawili tu, yeye na mpenzi wake.

Wapenzi hao walikuwa wamekutana miezi michache kabla, kwa kugongana. Kwenye ujia wa maduka ya simu na kompyuta, watu wamesongamana, spika zinapiga kelele, fundi mmoja mrefu alikuwa akipita na maboksi hadi kidevuni. Boksi la juu likamwangukia mwanamke aliyevaa gauni la njano, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Pole, dada! Umeumia?"

"Mguu umeumia. Maboksi yako je, yamesalimika?"

"Sijui. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Ndiyo maana umenigonga."

Fundi akacheka mpaka boksi la pili likaanguka. Pale ujiani walimwita Feni, kwa sababu duka lake lilikuwa na feni nyingi kuliko wateja. Alimkaribisha kwenye kiti, na mwanamke akasema shida yake: anataka kompyuta ya kuchambulia sataranji. Chama chao kilikuwa nayo moja nzuri, iliyonunuliwa kwa ajili ya wachezaji. Iko ofisini kwa mwenyekiti, anaangalizia mpira. Wenye vyeo ndivyo walivyo: kizuri kikija kinaishia mezani kwao, na kibaya kinateremkia kwetu.

"Basi sikiliza, dada. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Hii ina vichwa vinne vyepesi. Ile pale ina kumi na sita, ila kila kimoja kinajivuta. Programu ya sataranji inapenda vichwa vingi, vinagawana kazi. Lakini vikifanya kazi vyote vinapandisha joto, na joto likipanda mashine inapunguza mwendo yenyewe."

"Kwa hiyo ninunue wachache wakali au wengi wapole?"

"Lazima tuzishindanishe. Tena siku kadhaa. Dakika tano za kwanza kila mtu ni hodari."

"Hasa wanaume."

"Mimi nipime hata mwaka mzima."

Alimpima kweli. Simu zikaanza, asubuhi na jioni.

"Mashine yangu inasemaje leo?"

"Inasema imekukumbuka."

"Mashine au fundi?"

"Fundi ana kichwa kimoja tu, laazizi, nacho umekijaza chote."

Siku moja mshonaji akaja dukani na kuupanga mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta mchezo wake wa siri. "Kipimo cha kweli kinataka mchezo mgumu. Tumia huu. Ila usimwambie mtu."

"Nikimwambia mtu, ulimi wangu ukauke."

Na hakumwambia mtu. Lakini wiki ile ya fainali meneja wa jengo, ambaye hajawahi kuuza hata waya, alitoa amri: kila dirisha la duka liwe na kitu kinachosogea, ili kuvuta wateja. Asiyetii atatolewa. Feni hakuwa na kitu kinachosogea isipokuwa zile mashine mbili. Akazipanga dirishani, vioo vikitazama nje, zote zinachambua mchezo mmoja. Watu wakasimama wakishangaa namba zinavyokimbia, naye ndani akavimba kichwa.

Jumamosi ile simu ikalia.

"Umemwambia nani?"

"Nini tena, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Miwani amejibu kabla sijatoa mkono kwenye farasi. Umemwambia nani?"

"Haki ya Mungu, sijafungua mdomo."

"Basi ufunge moja kwa moja." Simu ikakatika.

Alipiga tena na tena, haikupokelewa. Asiyewahi kunyamaziwa na mwanamke hudhani ukimya ni kitu kidogo. Na mpenzi wa Feni bado alikuwa mzima, mtaa wa tatu tu. Wengine tunapiga namba ambazo hazitapokelewa tena.

Hakuweza kukaa, hakuweza kufanya kazi. Alikaza skrubu, akailegeza, akaikaza. Mwishoni akatoka kupunga upepo, na aliporudi akaliona dirisha lake kwa macho ya mpita njia. Farasi alikuwa pale, ametandazwa hadharani, na chini yake jibu la kumnasa, ambalo yeye, aliyekuwa akitazama namba tu, hakuwahi kulisoma. Ng'ambo ya barabara ndiko iliko benki ya Miwani.

Akafunga duka. Akaenda kwa mshonaji.

Shangazi wa mshonaji ndiye aliyefungua mlango. "Umeleta uongo gani?"

"Nimeleta ukweli, shangazi. Ni mbaya kuliko uongo."

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, hakuinua uso. Feni akaeleza yote, mpaka amri ya meneja.

"Meneja simjui," mshonaji akasema. "Mchezo wangu nilikupa wewe."

"Najua."

"Yaani hukuniuza. Umenianika kama nguo."

"Nisamehe."

"Nenda, Feni. Nina kitambaa cha watu hapa, nitakiharibu."

Kesho yake Feni alibandika magazeti dirisha zima. Meneja akaja na tai yake nyekundu, akampa mpaka Jumatatu ayabandue, la sivyo afungashe. Hakuyabandua. Jumapili nzima alizunguka dukani kama kuku aliyekosa pa kutagia.

Jumatatu asubuhi mlango ukasukumwa. Gauni la njano, futi shingoni, kifurushi kwapani.

"Ipi ilishinda?" akauliza, bila salamu.

"Ya vichwa vinne. Ile nyingine ilianza kwa mbwembwe, ikapata joto, ikachoka."

"Washa hiyo ya vinne."

Aliketi, akapanga mchezo mwingine, mpya, ambao Feni hakuwahi kuuona. Feni akageuka akatazama ukuta.

"Geuka. Nimekuambia usitazame?"

"Naogopa kuona."

"Ogopa, lakini ona." Kisha akayatazama magazeti. "Na haya yanatia aibu. Unaonekana kama duka la mandazi." Akafungua kifurushi: pazia zito la kijani, limeshonwa pindo mara mbili. Akapanda juu ya kiti na kuanza kupima.

Nje meneja akagonga kioo. "Fundi! Siku zako zimekwisha! Toka tuongee!"

"Nakuja!" Feni akajibu, lakini hakutoka. Alikuwa amemshikia kiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata nyumbani kwangu madirisha yote ni matupu."

Mshonaji akaacha kupima. Akamtazama kutoka juu ya kiti, pini mbili mdomoni, akazitoa moja moja. Meneja akagonga tena, kwa nguvu.

"Na nikija kuyapima, Feni, nitakuja nikiwa nani?"