Mara Tatu kwenye Mtungi

Haya yalimkuta rafiki yangu, mwanamke anayeongoza wazamiaji. Siku hiyo alimpeleka shemeji yake kuona kasa kwenye matumbawe. Dada yake alishamwonya: "Mume wangu umrudishe mzima." Wakakubaliana ishara: kugonga mtungi wa hewa kwa kisu mara tatu ni "njoo", mara mbili ni "nakuja".

Huko chini kasa mkubwa alichomoka pangoni kama anayekimbia kitu, akawapita kasi. Ndani ya pango mlikuwa na giza tupu. Rafiki yangu alipogeuka, shemeji hakuwepo.

Akagonga mara tatu. Kutoka gizani akajibiwa mara mbili, polepole. Akagonga tena, akajibiwa kwa karibu zaidi, lakini hakutokea mtu. Hewa ilipokaribia kwisha, akapanda juu akiwaza atamwambia nini dada yake.

Shemeji alikuwa botini, anajifuta nywele. "Shem, umekawia! Miwani yangu iliingia maji, nikapanda zamani. Au kasa kakuposa?"

"Sasa nani alikuwa ananijibu?"

Shemeji alikuwa bado anacheka pale chuma kilipogonga chini ya boti, chini ya miguu yao, polepole, mara tatu.