Triga Nzito ya Mama Nyamizi

Kishikio cha bastola kilitikisika kidogo, kikavimba upande wa kidole gumba, kikanywea upande wa kidole cha mwisho, kisha kikatulia. Bwire, msafirishaji wa dhahabu mwenye viganja vipana kama sahani, akaangua kicheko. Tangu apewe leseni hakuwahi kushika bastola iliyomkaa namna ile. Akafyatua mara kadhaa, na risasi zote zikaingia kwenye duara la katikati.

"Aisee, Mhandisi! Hii nimeizaa mwenyewe nini?"

Mhandisi Minza Kulwa alitabasamu tu, ila moyoni alivimba, na nani angemlaumu? Bastola-hisi ilikuwa kazi ya mikono yake. Ngozi ya kishikio ilisoma kiganja cha mwenye silaha, ikasoma jasho lake na mapigo ya moyo wake. Akiingiwa na hofu, bastola ililegeza triga yenyewe, ili kidole kinachotetemeka kisipate taabu ya kuvuta. Kwenye uwanja wa shabaha, hata waliokuwa wanapiga ukuta sasa walipiga karatasi.

Katika jiji la Geita Mpya roboti ndizo zilizochimba mwamba, lakini dhahabu ilinunuliwa na watu, na karibu kila mnunuzi alitembea na bastola kiunoni. Baraza la jiji lilikwisha amua kwamba bastola za zamani zote zitakusanywa na badala yake zitatolewa bastola-hisi, mradi Minza atie saini kwamba majaribio yamekamilika. Asiyebadilisha, leseni imekwenda. Wa kwanza kupewa ya majaribio alikuwa Maduhu, mdogo wake Minza wa tumbo moja, mwenye duka Mtaa wa Tanuri.

Kabla ya kuchora chochote Minza alikuwa amewauliza wenye silaha kwa nini wanapenda bastola walizonazo. Jamani, majibu aliyoyapata! Mmoja aliipenda yake kwa kuwa haimchomi mbavu akikaa kwenye gari. Mwingine kwa kuwa mkewe haioni chini ya shati. Wa tatu, bila haya, alisema inampendeza akienda harusini. Wengi walitaka nyepesi, nyembamba, isiyorusha mkono. Minza akayachukua yote akayatia kwenye chombo kimoja, na kila aliyekijaribu aliiacha ya zamani mezani bila kugeuka nyuma.

Kila mtu, isipokuwa Mama Nyamizi Lugendo.

Mama huyu alinunua dhahabu miaka mingi kabla Minza hajajua kusoma. Siku hiyo, Bwire alipoondoka, aliingia uwanjani na mkoba wake, akaishika bastola-hisi, akapiga vizuri kuliko Bwire. Kisha akatoa ya kwake, jichuma jeusi lililochubuka, akapiga, na risasi moja ikaenda pembeni kabisa. Akalipuliza vumbi, akalirudisha mkobani.

"Naondoka na hili langu," alisema.

"Mama, umeona mwenyewe! Ile mpya unapiga vizuri zaidi."

"Nimeona, mwanangu. Sina ugomvi na macho yangu."

"Sasa tatizo nini? Hilo ni zito, triga yake ngumu. Watakunyang'anya leseni, utafunga duka."

Mama Nyamizi akavuta kiti. "Kuna siku aliingia mtu dukani kwangu, kofia imeshuka hadi machoni, mkono ndani ya koti. Haongei. Wiki ile walikuwa wameua mnunuzi mwenzetu. Nikatoa hili. Triga yake ndefu, lazima uivute kama ndoo ya kisimani. Nimefika nusu, nikaona meno. Mtu anacheka! Mtoto wa kaka yangu, katoka safari, anataka kunishtua. Mkononi ana kitenge cha zawadi."

"Pole, Mama."

"Pole ya nini? Yuko hai, ana mapacha. Mimi ndiye nilikaa chini nikalia."

"Na angekuwa jambazi?"

"Labda ningekufa. Nimeliwaza hilo sana, si mjinga. Nikaona ile nusu ya kuvuta ni yangu, sitaki mtu anipunguzie. Hiyo yako ikisikia nimeogopa inanirahisishia. Mwanangu, nikiogopa ndipo nataka iwe ngumu!"

Minza alikuwa na majibu mengi, maana msomi haishiwi. Lakini alikuwa mwanasayansi wa kweli, akaona hilo linapimika. Akawasha ukuta-hai, mtambo uonyeshao watu wa mwanga wenye kimo na sauti, akaupanga mwenyewe: duka, mlango, mtu mwenye kofia, mkono kotini, kitenge. Akashika bastola-hisi, akasimama nyuma ya kaunta ya mwanga.

Taa zikafifia, mlango ukabamizwa. Mtu akaingia akija mbio, na moyo wa Minza ukaruka. Alijua kotini mna kitenge. Yeye ndiye aliyekiweka! Akampiga risasi kifuani.

Kitenge kikaanguka sakafuni. Ukuta ukazimika.

"Sikuvuta," Minza alisema. "Sikuwa nimeamua."

Mama Nyamizi hakumcheka. "Umekwisha gawa ngapi?" aliuliza.

Minza alikuwa tayari anampigia Maduhu simu.

"Niirudishe?" Maduhu alishangaa simuni. "Dada, umeumwa? Hii siitoi! Juzi wamevunja duka la jirani. Tangu hapo moyo wangu hautulii hata nikila. Nikiishika tu naona imenielewa."

"Ndiyo maana naitaka. Moyo ukikwenda mbio, triga inalegea. Maduhu, nisikilize, inapiga kabla hujaamua."

"Inapiga kabla ya jambazi! Si ndivyo ulivyonieleza mwenyewe? Nina macho, dada. Ngoja, kuna mtu." Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa.

Kuizima bastola-hisi kwa mbali hakukuwezekana. Wenye silaha walilikataa hilo mapema, kwamba mwizi naye angeweza kuwazimia. Minza akaiacha karatasi ya baraza bila saini, akatoka. Ndani ya treni ya reli ya juu aliwapigia wengine wa majaribio, kituo hadi kituo. Wakamsikiliza kwa adabu, wengine wakamwita mama, wengine wakamchekea. Hakuna aliyekubali kurudisha. Alikuwa amewatengenezea kile hasa walichokitaka, na sasa walikipenda.

Kwenye Mtaa wa Tanuri ilikuwa mchana kweupe, watu na shughuli zao. Duka la Maduhu lilikuwa wazi nusu, pazia limeshushwa. Hakukuwa na kelele, hakukuwa na umati, na Minza akamshukuru Mungu kwa hilo. Akaharakisha hadi kizingitini, mkono ndani ya mkoba ukitafuta ufunguo wa kuifungua bastola na kuizima kwa mkono, kama alivyoingia kwa mdogo wake siku zote, bila kubisha.

Mguu mmoja ukiwa hewani, akakumbuka ule mkono ndani ya koti, akasimama.

Akautoa mkono mkobani taratibu. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama pembeni ya mlango, mgongo ukutani. Muuza karanga wa ng'ambo ya barabara alimtazama akadhani mama wa watu amechanganyikiwa.

"Hodi!" aliita.

Ndani kiti kikakwaruza sakafu.

"Nani?" Sauti ya Maduhu ilikuwa ya juu, ya mtu aliyeshtuka.

Minza alijua hasa kinachotokea kwenye kiganja kile wakati ule, kwa kuwa ndiye aliyekifundisha chombo.

"Ni mimi, Maduhu. Minza, dada yako," alisema, akiinua mikono yote miwili juu ya kichwa chake. "Nakuomba, usije mlangoni nayo. Sina kitu mkononi."