Kikombe cha Kwanza cha Mubirizi

Kila Jumamosi asubuhi Kaudha alichukua gunia akaenda kuchuma majani ya mubirizi, mti mchungu wa dawa. Bibi yake, Kulusum, aliyaanika, akayatwanga, akawachemshia watu wa kijiji chao cha Misiera waliougua homa. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia, lakini desturi yake hakuiacha. Kila unga mpya aliunywa yeye kwanza kwa siku kadhaa.

"Dawa yenye mimi sijakunywa, sitapea mtoto ya mtu," alisema.

Mwaka ule wa 1988 mvua ilichelewa. Mibirizi ya karibu ikaisha, na iliyobaki ilikuwa nyuma ya kilima. Kaudha, kwa uvivu wake, alijaza nusu ya gunia kwa majani ya kichaka cha uzio, kile chenye maua mekundu na manjano. Yakishatwangwa, nani atajua?

Haikupita muda tangu bibi aanze kuunywa unga ule, macho yake yakawa manjano. Alipelekwa hospitali Mbarara akiwa hawezi kusimama. Daktari akauliza alikuwa akinywa nini.

"Mubirizi tu," bibi alijibu kwa shida.

Kaudha hakutaja majani ya uzio. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye bado alidhani itamfikisha mbali.

Bi Goreti, mkemia aliyechunguza miti ya dawa pale mjini, aliombwa na daktari aupime unga uliobaki. Kaudha akamfuata hadi maabara, akaonyeshwa mrija wa kioo uliojaa chembe nyeupe za plastiki.

"Plastiki hii tuliitengeneza kule nilisoma, na dawa ya mubirizi ndani yake," alieleza Goreti. "Halafu tukaosha hiyo dawa ikatoka, ikaacha nafasi, kama mguu unaacha alama kwa matope. Sasa nikimwaga maji ya majani, dawa ya mubirizi inarudi kwa nafasi yake, inashikwa. Zingine zinapita."

Akamwaga, akasubiri, akapima. Uso wake ukabadilika.

"Imeshika kidogo sana. Humu kuna kitu ingine."

"Kitu gani, madam?"

"Plastiki haijui. Inajua umbo moja tu. Na daktari hawezi kutibu kitu yenye hajui."

Maji ya kijani yaliendelea kudondoka chini ya mrija. Kaudha aliyatazama, machozi yakamtoka.

"Ni mimi! Nilichanganya majani ya uzio, yale ya maua mekundu na manjano."

Goreti alimshika mkono, wakakimbilia hospitali. Daktari alipojua sumu ile, alibadilisha matibabu. Bibi alipona polepole mno, na nguvu za kutwanga hazikumrudia tena.

"Jjajja, nisamehe," Kaudha alimwambia bibi yake waliporudi nyumbani.

"Nimekusamehe. Lakini sikia, mjukuu wangu. Mimi macho yangu haioni. Nilikuwa nakunywa neno lako. Goreti alijua kuna uongo, lakini jina yake ulijua wewe peke yako. Ungenyamaza, ungenizika. Ukikosa, sema mapema."

Jumamosi iliyofuata Kaudha alivuka kilima, akarudi na majani machache. Aliyatwanga mwenyewe, na kikombe cha kwanza akakinywa yeye. Kilikuwa kichungu sana, akakimaliza.