Kiduara cha Kijivu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku na shangazi yake walipanda juu ya paa la nyumba na kuondoa turubai lililofunika darubini. Jina la Chiriku alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukutulia. Lakini tangu mume wa shangazi afariki, hata yeye alinong'ona akifika pale. Marehemu ndiye aliyeiunda darubini ile, na kioo chake alikisugua kwa mikono yake.

Shangazi alikuwa fundi miwani, ila mtoto wa jicho alikuwa amemfifisha macho yote mawili. Alielekeza bomba la darubini kwa kufuata nyota kubwa tu, ambazo bado aliziona.

"Nitazamie wewe, mwanangu. Hapo pana nebula, wingu la gesi iliyotoka kwenye nyota inayokufa. Ni hafifu mno. Marehemu mjomba wako aliipenda kuliko zote."

Chiriku akaweka jicho. Giza, na nyota chache. Mara, pembeni pakatokea kiduara cha kijivu, kama uso uliogandamizwa dirishani. Akakigeukia: hakipo. Akatazama kando: kimerudi. Nywele zikamsimama. Kitu gani hiki kinachojificha kikitazamwa? Akamkumbuka marehemu.

"Umeiona?"

"Sioni kitu, shangazi."

Jioni zilizofuata alijibu vivyo hivyo. Akaanza kuogopa hata korido. Kila alipopita mlango wa chumba cha marehemu, alihisi kitu cha kijivu pembeni ya jicho lake, akakaza mwendo bila kugeuka.

Siku moja shangazi alipanda na bisibisi.

"Basi kioo kimeharibika," alisema. "Sikukitunza. Naifungua leo, vyuma atavichukua fundi wa kuchomelea."

Alipapasa bomba, vidole vyake vikatua kwenye alama za vidole ambazo mumewe aliziacha kwenye rangi mbichi. Hapo Chiriku akashindwa kujizuia.

"Usiifungue! Nilikudanganya, shangazi. Kipo kitu. Nikikitazama kinapotea, nikitazama kando kinarudi. Nilidhani ni... ni mjomba."

Shangazi alishusha bisibisi. "Cha mviringo? Cha kijivu?"

"Ndiyo."

"Ndiyo yenyewe hiyo!" Alicheka huku machozi yakimtoka. "Gizani, katikati ya jicho hapaoni vizuri mwanga hafifu. Pembeni ndiko kunakoona. Ukitaka kuiona, tazama kando yake kidogo. Mjomba wako alinifundisha hivyo."

Chiriku akainama tena. Kiduara kikaja polepole, kimya, kikabaki.

"Kwa hiyo si mzuka?"

"Ni gesi, mwanangu. Ingawa nyota yake kweli inakufa."

Shangazi akamvuta karibu. "Kuogopa si kosa. Lakini anayetazama kwa niaba ya mwenzake husema alichokiona, hata kama hakukielewa. Kidogo tu nivunje kitu kizima kwa neno lako. Na mimi pia si mkweli. Daktari wa macho ameniita mara ngapi? Nasingizia kazi, kumbe naogopa kisu cha upasuaji. Kesho tutakwenda wote, na nitamwambia kwamba naogopa."