Nilinunua Hedifoni Nimsikie Aliyemuua Mke Wangu

"Muuaji wewe! Toka nyumbani kwangu!"

Ndivyo nilivyomfokea mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, majirani wote macho kodo. Begi lake nilishalirusha nje.

Alinitazama tu... "Sawa, baba." Akaondoka.

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, msinitukane kwanza. Babu yenu hajamaliza.

Miaka thelathini nimeendesha mashine ya kusaga, masikio yamekufa nusu. Nikitoka zamu, nikilala nimelala! Mchana ule naamka, namkuta mke wangu keshakata roho, yuko peke yake. Mkwe anaingia anahema.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kutafuta gari, baba. Nimekosa."

"Kwa nini hukuniamsha?!"

Kimya.

Kimya kile ndicho kilichonichoma. Sasa, marehemu alikuwa anajirekodi kwenye simu, ujumbe wa kumtumia dadake, akazidiwa simu ikiwa bado inarekodi. Mwanangu akaihamishia rekodi kwenye kompyuta. Kwenye vispika vyake vidogo nikamsikia mke wangu: "Mkwe wangu... njoo... nakufa..."

Halafu chwaaa! Kama mahindi yanamwagwa. Basi.

Nikasema, huyu alimkimbia mgonjwa! Nikamfukuza. Nikaitisha kikao cha ukoo Jumamosi, mwanangu amwache mbele ya watu.

Mwanangu akagoma. "Baba, huwezi kunivunjia ndoa kwa chwaaa."

Haya! Ijumaa nikabeba kompyuta hadi kwa fundi, binti mmoja mwenye mdomo. Nikadaka hedifoni kubwa nyekundu.

"Hizo za besi, babu. Unaenda disko?"

"Nataka kusikia maneno ya marehemu mke wangu."

Akaacha kucheka. Akanipa nyeusi, za kufunika sikio lote. Bado chwaaa!

"Kelele nyingine inatoka humu humu kwenye kompyuta yako," akasema. "Tundu lake la sauti linaokota kelele za ndani. Unahitaji kadi ya sauti ya kuchomeka nje."

Akachomeka ya kwanza, ya bei ya chini. Chwaaa ikapungua. Akachomeka ya pili, akahangaika kuisafisha rekodi kidogo, naye akavaa hedifoni zake tusikilize wote.

Wajukuu... ndani ya ile chwaaa kulikuwa na watu!

Miguu inakimbia. Mlango unagongwa.

"Baba! Baba, amka! Mama anazidiwa!"

Kisha sauti ya mwanaume, kali:

"Anadeka huyo! Niacheni nilale!"

Fundi akanigeukia. "Babu... huyo mwanaume ni nani?"

"Simjui."

Mwongo mkubwa! Sikumbuki kusema vile, naapa. Lakini sauti yangu naijua.

Na rekodi haikuishia hapo. Mke wangu, pumzi za kuokoteza: "Mwanangu... usimwambie alivyosema. Itamuua."

"Simwambii, mama. Ngoja nikakutafutie gari."

Miguu ikatoka mbio. Halafu mke wangu anapumua... anapumua... hapumui.

Nililia pale dukani kama mtoto. Mkwe wangu aliitwa muuaji mbele ya mtaa mzima, akameza, kwa sababu alimpa mama mkwe wake neno lake!

Jumamosi niliwawekea ukoo wote rekodi ile. Nikaenda kwa wazazi wa mkwe wangu, nikampigia magoti mlangoni.

"Nimesikia yote, mwanangu. Nisamehe. Rudi nyumbani."

"Nyanyuka, baba. Nilishakusamehe."

"Basi chukua begi twende."

"Sirudi, baba. Ukilala tu mchana, mimi nitaisikia ile sauti."

Wiki ile ile mwanangu akamfuata mkewe. Sikumzuia. Ningemzuia kwa lipi?

Wajukuu, ukitaka kusikiliza kitu kwenye kompyuta, tafuta hedifoni za kufunika sikio na kadi ya sauti nzuri, yule fundi hakunidanganya. Lakini ukienda kumsaka mwenye kosa, jiandae kumkuta ni wewe.

Na mtu wako akikuambia anaumwa, amka. Hata kama umechoka vipi. Amka!